Dhamana ya Maisha

Ahadi ni deni, na kila deni lina mambo matatu: mwenye kudai, mwenye kudaiwa na siku ya kulipa. Ahadi ikikosa moja katika hayo hubaki kuwa maneno matamu tu. Maneno haya nimewafundisha vijana darasani kwa miaka mingi, nikiwaandikia ubaoni kwa chaki, lakini mimi mwenyewe sikuyaelewa barabara mpaka siku kipande cha chuma kisichozidi ngumi ya mtoto kilipovunjika chini ya gari langu pale Otonglo.

Otonglo ni soko lililo kando ya barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Maseno na Busia, mbele kidogo ya uwanja wa ndege. Katika Kijaluo neno hilo lilikuwa jina la sarafu ya senti 10, ile ya zamani yenye tundu katikati. Sarafu hiyo haitumiki tena, lakini hesabu za fedha ndogo zingali zinafanywa pale kila siku. Wamo mama wanaouza samaki na mboga, wamo vijana wa bodaboda, na wamo mafundi wa jua kali ambao karakana yao ni kivuli cha mti na sakafu yao ni udongo uliolowa mafuta. Mmoja wao ni mzee mwenye mvi ambaye amelitengeneza gari langu tangu nilinunue. Yeye huniita Japuonj, yaani mwalimu, nami humwita Baba, kwa kuwa umri wake ni umri wa baba yangu.

Gari lenyewe ni Toyota iliyotumika Japani kabla ya kuja kwetu. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililopita umri wa miaka 8, na kwa hiyo magari mengi tununuayo hufika Mombasa yakiwa yamekaribia umri huo. Hufika yakimeta rangi, lakini mipira na viungo vya chini vimekwisha kula chumvi nyingi. Mtu anayenunua gari la namna hiyo hana budi kujua tangu mwanzo kwamba atakuwa mteja wa maduka ya spea. Nami nikawa mteja.

Siku moja mzee fundi aliniambia kwamba boljointi ya gurudumu la mbele la kushoto imekwisha. Nitaeleza kidogo kipande hicho ni nini, maana si kila msomaji amepata kulala chini ya gari. Boljointi ni tufe la chuma lililokaa ndani ya kikombe cha chuma, kama kichwa cha mfupa wa paja kinavyokaa katika nyonga. Gurudumu hupanda na kushuka, hugeuka kulia na kushoto, na tufe hilo huzunguka ndani ya kikombe chake likilainishwa na grisi. Juu yake pana kifuniko cha mpira. Mpira ukichanika, grisi hutoka, vumbi na maji huingia, na chuma huanza kusaga chuma. Tufe likilegea sana huchomoka, na gurudumu huanguka upande kama mguu uliovunjika.

Nikaenda mjini Kisumu, nikaingia katika duka moja. Mwuzaji aliniwekea boljointi tatu juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa ya shilingi 2,000, isiyo na ahadi yoyote. Ya tatu ilikuwa ya shilingi 5,500, imetengenezwa na kampuni iliyotengeneza gari lenyewe, na dhamana yake ilikuwa ya mwaka mmoja. Ya pili, iliyokaa katikati, ilikuwa ya shilingi 3,200.

"Mwalimu, hii ya katikati ina garanti ya maisha," alisema. "Ikiharibika wakati wowote, ilete, utapewa nyingine bure."

Neno lile likanilewesha. Nilijiuliza: ikiwa iliyo ghali kuliko zote imepewa ahadi ya mwaka mmoja, na hii imepewa ahadi ya maisha, je, si dhahiri kwamba hii ni imara zaidi? Nililipa, nikapewa risiti, nikatoka nikijiona mwerevu. Mzee fundi alipoipokea aliigeuzageuza mkononi, akaubonyeza mpira wake kwa kidole gumba, akasema, "Japuonj, mpira huu ni mwembamba." Nikamjibu kwamba ina dhamana ya maisha. Aliinama, akaendelea na kazi yake bila ya kusema neno jingine.

Ilipita miezi 14. Mama yangu alikuwa na mtoto wa jicho, tena katika macho yote mawili. Alikuwa amefika hali ya kututambua kwa sauti na si kwa uso. Baada ya kungoja sana alipata siku ya kupasuliwa jicho la kwanza mjini, na asubuhi hiyo nilimchukua garini mapema, amevaa kanga yake mpya, amefumbata mkoba wake kama mtoto aendaye shule kwa mara ya kwanza. Tulipofika Otonglo nilipunguza mwendo, maana watu walikuwa wengi barabarani. Nikasikia mlio wa chuma, gari likainama upande wa kushoto, usukani ukanitoka mkononi, na tukasimama kwa kishindo. Gurudumu lilikuwa limelala chini ya gari.

Mama aliuliza, "Tumefika?"

Sikujua la kumjibu. Kama jambo lile lingetokea dakika kumi kabla yake, tulipokuwa tukienda kasi na lori likija mbele yetu, pengine nisingekuwapo kuandika insha hii. Hatukuumia, lakini mpaka watu walipotusaidia kulisukuma gari kando na mimi kupata gari jingine, saa ya Mama ilikuwa imekwisha kupita. Alipewa siku nyingine, baada ya wiki tisa. Kwa wiki tisa zaidi aliishi katika ukungu wake, akipapasa kikombe cha chai mezani.

Sasa nilikumbuka dhamana yangu. Niliitafuta risiti, nikaiona ndani ya kitabu, lakini ilikuwa nyeupe pe! Ilikuwa ya karatasi ile inayochapwa kwa joto, ambayo maandishi yake hufifia kwa muda na jua. Hata hivyo nilikwenda dukani. Mwuzaji aliitazama karatasi tupu, akatabasamu. Sitamsingizia: hakunitukana wala hakunifukuza. Alifungua kitabu chake cha mauzo, akatafuta kwa subira, akaliona jina langu. Ndipo aliponisomea masharti. Dhamana ilikuwa ya mnunuzi wa kwanza peke yake. Ilitaka risiti na kipande kilichovunjika. Haikuhusu gari la abiria. Haikuhusu ufundi, wala gharama ya kuvuta gari, wala hasara nyingine yoyote. Kwa kuwa nilikuwa mnunuzi wa kwanza, na jina langu liliandikwa kitabuni, nilipewa boljointi mpya bure, kama nilivyoahidiwa.

Jioni hiyo nilikaa mezani nikafanya hesabu, kama nifanyavyo na wanafunzi wangu. Dhamana ilinirudishia kitu cha shilingi 3,200. Kwa upande wa pili, kulivuta gari mpaka chini ya mti wa fundi kuligharimu shilingi 500. Ufundi, shilingi 1,000. Kupanga upya magurudumu, shilingi 1,500. Tairi lililochanika, shilingi 6,500. Na kunyoosha madigadi, shilingi 3,000. Jumla yake ni shilingi 12,500, na katika hizo dhamana haikulipa hata senti moja. Siku ya kazi niliyoikosa sikuihesabu. Wiki tisa za Mama hazina mahali pa kuandikwa katika hesabu ya shilingi.

Nikaona kosa langu waziwazi. Boljointi ile ya shilingi 5,500 ilinizidi kwa shilingi 2,300 tu. Niliogopa kutoa shilingi 2,300, nikaja kutoa 12,500. Yamkini ile ghali nayo ingeweza kuvunjika, maana hakuna chuma kisichokufa. Lakini sikuichagua wala kuikataa kwa kupima uimara wake. Nililipima neno. Niliichukua ahadi ya kurudishiwa kitu kana kwamba ni ahadi ya kwamba kitu hakitavunjika. Hizo ni ahadi mbili, na tofauti yake ni kama tofauti ya mlinzi wa nyumba na mtu atakayekupa mlango mpya baada ya mwizi kwenda zake.

Wengine watauliza: mfanya biashara anawezaje kutoa ahadi kubwa hivyo bila ya kufilisika? Swali hili ni zuri, na jawabu lake ni hesabu vilevile. Wanunuzi mia wakipewa dhamana ya maisha, baadhi yao watauza magari yao. Baadhi watapoteza risiti. Baadhi watavunjikiwa mbali, Kakamega au Kericho, nao hawatafunga safari ya kurudi kwa ajili ya kitu cha shilingi 3,200. Wachache ndio watakaorudi, na bei ya kipande chao imekwisha kutiwa katika bei waliyolipa wote. Huu si lazima uwe udanganyifu. Ni namna ya bima ndogo, na bima ni jambo halali. Lakini mwenye kununua bima sharti ajue kwamba ananunua bima, asidhani amenunua chuma bora.

Biashara ya namna hii haikuzaliwa kwetu. Huko Marekani kampuni ya Midas ilifungua duka lake la kwanza mjini Macon, Georgia, mwaka 1956, nayo ikapata sifa kwa kuahidi kwamba bomba la moshi litabadilishwa bure muda wote ambao mnunuzi atalimiliki gari lake. Tazama jinsi ahadi hiyo ilivyopimwa: muda wote ambao mnunuzi atalimiliki gari. Haikuwa maisha ya gari wala maisha ya mtu. Neno "maisha" lilileta mabishano hata Serikali ya nchi hiyo, kupitia tume yake ya biashara, ikatoa mwongozo kwamba mtangazaji anayeahidi dhamana ya maisha aeleze wazi ni maisha ya nani. Ikiwa watu wa nchi ya viwanda vikubwa walihitaji kuelezwa hivyo, si aibu kwetu kuuliza swali lilo hilo kwenye meza ya duka la Kisumu.

Liko jambo jingine ambalo wengi wetu hatulijui. Sheria imekwisha kutupa dhamana kabla mwuzaji hajafungua kinywa chake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 46, humpa kila mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora ufaao, haki ya kupewa maelezo yanayohitajika ili afaidi kwa ukamilifu alichonunua, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara iliyoletwa na kasoro ya bidhaa. Ipo pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Na mtu mwenye dai lisilozidi shilingi 1,000,000 anaweza kulipeleka katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Huko si lazima awe na wakili, na kesi hutakiwa kumalizika katika siku 60. Kwa hiyo aliyeuziwa kitu kibovu hakusimama mikono mitupu, hata kama risiti yake haina neno "maisha". Mara nyingi neno hilo kubwa hutuuzia kwa fedha sehemu ya kitu ambacho tayari ni chetu kwa haki.

Lakini haki nayo hutaka kushikwa. Miezi 11 baada ya kupewa boljointi ya pili, mzee fundi alilipandisha gari kwa jeki, akashika gurudumu juu na chini kwa mikono miwili, akalitikisa. Likacheza. Boljointi ya pili ilikuwa imeanza kulegea kama ya kwanza. Nikaichukua tena risiti yangu, safari hii nikiwa nimeipiga nakala, nikaenda mjini. Pale palipokuwa na duka la spea nilikuta wanauza simu. Majirani hawakujua mwenye duka alikohamia. Deni halifi kwa kubadilishwa bango la duka, hiyo ni kweli; lakini mdai hana budi kumpata mdaiwa wake, na mwalimu mwenye madaftari 200 ya kusahihisha hawezi kuzunguka mji mzima kwa ajili ya shilingi 3,200. Hapo ndipo nilipojua maisha yale yalikuwa ya nani. Hayakuwa yangu, wala ya gari, wala ya boljointi. Yalikuwa maisha ya duka, nayo yalikuwa mafupi kuliko yote.

Nilinunua ile ya shilingi 5,500. Mzee fundi alipoifunga nilimwuliza kwa nini siku ile ya kwanza hakunikataza. Akanijibu, "Nilikuambia mpira ni mwembamba. Wewe ukanijibu kwa karatasi." Sikuwa na la kusema. Mimi niliye mwalimu nilikuwa nimekwisha kupewa somo, nikakataa kulisikia kwa kuwa lilitoka katika kinywa cha mtu mwenye mikono ya mafuta.

Hata hivyo sitaki vijana waichukie dhamana, maana kuchukia bila ya kupima ni sawa na kupenda bila ya kupima. Kuna wakati dhamana ya maisha inafaa. Ikiwa vipande viwili ni sawa kwa bei na kwa ubora, na kimoja kina dhamana, ni upumbavu kukiacha. Ikiwa kipande ni chepesi kubadilishwa, kama mpira wa kufutia kioo, na duka liko njiani pako kila siku, basi dhamana yake ina faida ya kweli, kwa sababu kurudi hakukugharimu kitu. Na ikiwa mwuzaji amedumu mahali pale miaka 20 au 30, na jina lake linajulikana kwa wema, ahadi yake ina uzito kwa kuwa yeye mwenyewe ana uzito. Lakini kwa vipande vinavyoshika roho za watu, kama breki, usukani na viungo vya magurudumu, swali la kwanza lisiwe "Kikivunjika nitapewa nini?" Liwe "Kitazuiwaje kisivunjike?"

Kwa hiyo mtu akikuahidi dhamana ya maisha, mwulize maswali matatu kwa adabu. Kwanza, maisha ya nani? Pili, dhamana inalipa nini na inaacha nini nje? Tatu, ni nani atakayeilipa, naye nitampata wapi baada ya miaka mitano? Akiyajibu yote kwa maneno yaliyo wazi, na kuyaandika, nunua. Akikasirika, umekwisha kupata jibu. Kisha piga nakala ya risiti yako siku iyo hiyo, kabla jua halijaifuta.

Siku hizi kila likizo inapoanza hulipeleka gari langu chini ya mti ule wa Otonglo. Mzee hulipandisha kwa jeki, nami hulitikisa gurudumu kwa mikono yangu mwenyewe, juu na chini, kama alivyonifundisha, na kuutazama mpira kama umechanika. Kazi hiyo huchukua nusu saa, na malipo yake hayafiki bei ya kuku mmoja. Boljointi ya shilingi 5,500 imekwisha kuingia mwaka wake wa tatu, na dhamana yake ya mwaka mmoja ilikufa zamani bila ya mtu kuililia.

Mama alipasuliwa jicho la kwanza, kisha la pili, na sasa anaona. Tunapopita Otonglo tukienda mjini hunisomea kwa sauti majina yaliyoandikwa juu ya maduka, moja baada ya moja, kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa dunia yake. Yako mengine yenye ahadi kubwa kubwa. Yeye huyasoma yote sawasawa. Mimi huendesha polepole, nikisikiliza gurudumu la kushoto.